RIDHAA KWA RAIS: MFANYABIASHARA AIPIME KWA BAMBO GANI?

Ukurasa huu kwa kawaida hutoa bei: gunia la mahindi, maharage, mpunga, korosho za Tunduru na kahawa ya Mbinga. Leo tunaziweka bei kando na kuzungumzia namba ya aina nyingine, ambayo nayo huingia sokoni, husomwa redioni na kubishaniwa vibandani tangu Mfaranyaki hadi Lizaboni. Ni ile isemayo kwamba asilimia fulani ya Watanzania wanaridhika na utendaji wa Rais.

Namba kama hiyo ikitoka watu hugawanyika mara moja. Mmoja husema imepikwa. Mwingine huiamini yote kwa sababu imeandikwa gazetini. Wa tatu huuliza, "Mbona mimi sikuulizwa?" Kwa mtu asiye na mali sokoni ubishi huo ni wa kupitisha jioni. Lakini mwenye tani 30 za mahindi ghalani, au aliyeweka akiba yake kwenye hati fungani za Serikali, ana sababu ya kutaka kujua zaidi. Uamuzi mmoja wa Ikulu unaweza kuinua au kuangusha thamani ya mali yake usiku mmoja. Ndiyo maana tunaona inafaa kueleza namba hiyo hutengenezwaje, inasema nini, na wapi inanyamaza.

NENO LENYEWE LINACHANGANYA

Hapa nchini "kura ya maoni" ina maana tatu. Ya kwanza ni kura rasmi ya wananchi wote juu ya jambo moja, kama ile ya Zanzibar ya Julai 2010 iliyoruhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Ya pili ni kura za ndani ya chama za kuteua wagombea. Ya tatu ni uchunguzi unaofanywa kwa kuwauliza watu wachache waliochaguliwa, ili kukadiria mawazo ya wengi. Tunayoizungumzia leo ni hiyo ya tatu, nasi tutaiita utafiti wa maoni ili tusichanganye mambo.

Tofauti ni kubwa. Kura rasmi huamua jambo. Utafiti wa maoni hauamui kitu, huarifu tu. Anayesema "utafiti umempa Rais asilimia 70" amekosea, kwa kuwa utafiti haumpi mtu chochote. Unaarifu kwamba katika siku fulani, watu wa aina fulani, walipoulizwa swali fulani, walijibu hivi.

BAMBO NA GUNIA

Mnunuzi wa mahindi anayeletewa magunia 500 hayamwagi yote chini. Huchukua bambo, akachoma gunia hili juu, lile katikati, jingine chini, akatoa punje kiganjani. Anaangalia unyevu, punje zilizovunjika, wadudu na takataka. Kwa kiganja hicho anatoa bei ya shehena nzima, na mara nyingi hakosei sana.

Anakosea lini? Anakosea akichoma magunia ya mbele tu, yale ambayo muuzaji ameyapanga makusudi ili yaonekane. Hata akiyachoma yote ya mstari wa mbele mara mia, hatajua yaliyofichwa nyuma. Hapo ndipo ilipo siri ya utafiti wa maoni: namna ya kuchoma ina uzito kuliko idadi ya kuchoma. Kila gunia liwe na nafasi sawa ya kuguswa na bambo.

Watafiti hufanya hivyo kwa kutumia orodha za sensa. Nchi imegawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia watu. Maeneo kadhaa huchaguliwa kwa bahati nasibu, mjini na vijijini, kwa uwiano wa idadi ya watu. Ndani ya kila eneo nyumba huchaguliwa kwa kuruka idadi maalumu, na ndani ya nyumba mtu mmoja huchaguliwa, mara mwanamume, mara mwanamke. Mtafiti haruhusiwi kumhoji aliyemkuta barazani kwa kuwa tu ni mchangamfu.

Sasa turudi kwa yule anayeuliza mbona hakuulizwa. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Utafiti wa watu 2,400 humgusa mtu mmoja katika kila watu 25,000 hivi. Kutoulizwa ni jambo la kawaida, kama ilivyo kawaida kwa punje iliyomo guniani kutoguswa na bambo. Hilo pekee haliubatilishi utafiti.

WINGI PEKE YAKE HAUSAIDII

Mwaka 1936 huko Marekani gazeti la Literary Digest lilituma karatasi za maswali kwa watu karibu milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Alfred Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akashinda kwa asilimia 61 hivi. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki wenye simu na magari walikuwa ndio wenye nacho. Tena waliojirudishia karatasi ni wale waliokuwa na hamu ya kusema. George Gallup, aliyewauliza watu wachache zaidi kwa mpango mzuri zaidi, alipata mshindi sahihi. Kuanzia miaka hiyo ya 1930 shirika lake lilikuwa likiwauliza Wamarekani kama wanaafiki jinsi Rais anavyofanya kazi yake, na hapo ndipo ulipoanzia mtindo huu ambao sasa umeenea duniani.

Sisi nasi tuna mfano wetu. Tume ya Jaji Francis Nyalali ya mwaka 1991 ilikusanya maoni ya watu zaidi ya 36,000 Bara na Visiwani. Karibu asilimia 77 walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee na karibu asilimia 21 walitaka vyama vingi. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na vikaruhusiwa Julai 1992. Wapo hadi leo wanaoitaja hiyo asilimia 77 kana kwamba ni kipimo cha nchi nzima. Lakini waliohesabiwa ni wale waliojitokeza kutoa maoni mbele ya Tume ya Serikali, katika nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na chama kimoja tu. Waliobaki mashambani au waliochagua kunyamaza hawakuhesabiwa. Idadi ilikuwa kubwa, lakini bambo halikupita katika magunia yote.

NANI HUPIMA HAPA KWETU

Mradi wa REDET wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulianza mwaka 1992, wakati mageuzi yanaingia. Ulikuja kujulikana sana kwa tafiti zake za maoni, na kati ya 2006 na 2008 ulionyesha ridhaa kwa Rais Jakaya Kikwete ikipungua kutoka ile ya juu aliyoanza nayo. Mtandao wa Afrobarometer umefanya tafiti za uso kwa uso hapa Tanzania tangu 2001, na taasisi ya REPOA imekuwa mshirika wake. Makampuni ya utafiti wa soko, kama Ipsos, nayo yamewahi kutoa tafiti za kisiasa.

Kisha kuna Twaweza, shirika lililoanzisha Sauti za Wananchi. Mtindo wake ni tofauti. Kaya takriban 2,000 za Tanzania Bara zilichaguliwa kwa bahati nasibu, zikapewa simu na chaja ya jua, kisha zikawa zinapigiwa simu mara kwa mara na kuulizwa maswali. Faida yake ni upesi na gharama ndogo, maana hakuna gari la kwenda Nyasa wala posho ya kulala Namtumbo. Kasoro yake ni kwamba wapo wanaochoka au kupoteza simu, hivyo kundi hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Tena Zanzibar haikuwemo.

TISINI NA SITA, SABINI NA MOJA, HAMSINI NA TANO

Ni Sauti za Wananchi iliyotoa namba zilizozungumzwa kuliko zote katika historia ya tafiti hizi nchini. Mwaka 2016 ilitangaza kwamba asilimia 96 waliafiki utendaji wa Rais John Magufuli. Juni 2017 ikatangaza asilimia 71. Julai 2018 ikatangaza asilimia 55.

Je, kushuka huko kulikuwa kwa kweli, au ni bambo kuchoma mahali tofauti tu? Hapa ipo hesabu ambayo kila msomaji anaweza kuifanya juu ya karatasi ya risiti. Tafuta kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa, kisha gawa 100 kwa jibu hilo. Watu 400: kipeuo chake ni 20, na 100 kwa 20 ni 5. Kwa hiyo namba inaweza kupanda au kushuka kwa pointi 5 kwa bahati tu. Watu 2,500: kipeuo ni 50, kiwango cha makosa ni pointi 2. Ukitaka kupunguza makosa kwa nusu lazima uhoji watu mara nne zaidi, na hiyo ndiyo sababu watafiti wengi huishia kati ya watu 1,200 na 2,400.

Kwa utafiti wa zaidi ya watu elfu moja kiwango cha makosa ni pointi 3 hivi. Ukilinganisha tafiti mbili, makosa ya zote mbili huingia, hivyo hitaji tofauti ya pointi 4 au 5 kabla ya kusema kuna badiliko. Kutoka 96 hadi 71 ni pointi 25. Kutoka 71 hadi 55 ni pointi 16. Hizo haziwezi kuwa bahati. Lakini mtu akikuletea habari kwamba ridhaa imeshuka kutoka 55 hadi 53, mwambie asubiri, maana hiyo yaweza kuwa punje tu zilizoangukia kiganjani.

Kilichofuata baada ya tangazo la Julai 2018 kinajulikana. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliiandikia Twaweza kuitaka ieleze kwa nini isichukuliwe hatua kwa kutoa matokeo bila kibali. Baadaye Idara ya Uhamiaji ilichukua hati ya kusafiria ya Mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze. Septemba mwaka huo huo Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015, ikawa kosa la jinai kutoa takwimu zenye nia ya kupinga au kupotosha takwimu rasmi. Benki ya Dunia ilieleza hadharani wasiwasi wake. Juni 2019 Bunge liliirekebisha tena sheria na kuliondoa kosa hilo.

Kwa mfanyabiashara jambo hilo lina uzito wake. Mizani ikiondolewa sokoni, mzigo haubadiliki uzito. Kinachobadilika ni kwamba muuzaji na mnunuzi wanarudi kukadiria kwa macho, na katika kukadiria kwa macho mwenye nguvu ndiye hushinda. Pasipo tafiti zinazotangazwa wazi, mahali pake huchukuliwa na uvumi, na uvumi hauna kiwango cha makosa kinachojulikana.

MTIHANI WA OKTOBA 2015

Utafiti wa ridhaa hauna mtihani wa mwisho, kwa sababu hakuna siku ambayo ridhaa huhesabiwa kwenye sanduku. Utafiti wa uchaguzi unao. Septemba 2015 Twaweza ilitangaza kwamba asilimia 65 wangempigia Magufuli na asilimia 25 Edward Lowassa. Ipsos nayo ikatoa 62 kwa 31. Matokeo rasmi ya 25 Oktoba yalikuwa asilimia 58.46 kwa Magufuli na 39.97 kwa Lowassa.

Mshindi walimpata. Pengo walilikosa. Twaweza ilionyesha pengo la pointi 40, wakati matokeo yalitoa 18 na ushei. Wiki kadhaa zilipita kati ya kuhoji na kupiga kura, na katika wiki hizo kampeni zilipamba moto. Wapo walioulizwa na wasipige kura. Wapo pia waliowaza mara mbili kabla ya kumwambia mtu wa simuni kwamba wanaunga mkono upinzani. Funzo kwa msomaji ni kwamba makosa ya hesabu ya bahati ni sehemu moja tu ya makosa yote. Ile "pointi 3" inayoandikwa chini ya ripoti haihesabu hofu, haihesabu waliokataa kuhojiwa, wala waliobadili mawazo.

RUVUMA IMO KIASI GANI?

Swali hili wasomaji wetu wa Songea wanapaswa kulitia maanani kuliko mengine. Sensa ya 2022 iliupa mkoa wetu watu kama milioni 1.8, yaani takriban 3 katika kila 100 ya Watanzania. Kwa hiyo utafiti wa kitaifa wa watu 2,000 ukigawanywa kwa haki, Ruvuma nzima itatoa watu 60 hivi. Songea, Mbinga, Namtumbo, Nyasa na Tunduru wagawane hao 60.

Ifanye ile hesabu ya kipeuo: kiwango cha makosa ni karibu pointi 13 kila upande. Mtu akisema "Ruvuma asilimia 60 wanaridhika", ukweli unaweza kuwa 47 au 73. Namba ya namna hiyo haifai kununulia hata debe. Tafiti za kitaifa hutengenezwa kusema habari za taifa. Ukitaka habari za mkoa, lazima mkoa upimwe peke yake kwa watu mia kadhaa.

Kosa la upande wa pili ni la wale wanaoamini soko kuliko utafiti. "Hapa Soko Kuu kila mtu analalamika, hiyo asilimia yao ni uongo." Soko Kuu ni magunia ya mbele. Kwa sensa ya 2022 karibu theluthi mbili ya Watanzania wanaishi vijijini. Mkulima wa Namtumbo aliyepata mbolea ya ruzuku mwaka 2022, bei za dunia zilipokuwa zimepaa, anaweza kuwa na maoni tofauti kabisa na mwenye duka la pembejeo mjini aliyebanwa na taratibu za ruzuku hiyo hiyo. Wote wawili ni wananchi na wote wawili wanasema kweli.

SWALI NA ANAYEULIZA

Afrobarometer huuliza kama unaafiki au huafiki jinsi Rais alivyofanya kazi yake katika miezi kumi na miwili iliyopita. Majibu ni ya ngazi: huafiki kabisa, huafiki, unaafiki, unaafiki sana, na hujui. Magazeti hujumlisha "unaafiki" na "unaafiki sana" kuwa namba moja. Hapo mengi hupotea. Asilimia 70 ambamo 50 wanaafiki sana ni tofauti na asilimia 70 ambamo 15 tu ndio wanaafiki sana. Ya kwanza ni kama mteja wa kudumu. Ya pili ni mteja anayenunua kwako kwa kuwa duka la jirani limefungwa. Tazama pia waliosema "sijui". Wakiongezeka ghafla, huenda watu wameanza kuogopa swali.

Na hofu ipo. Mwishoni mwa mahojiano Afrobarometer humuuliza mhojiwa anadhani nani amewatuma. Katika nchi nyingi wengi hujibu kwamba ni Serikali. Anayedhani anazungumza na mtu wa Serikali huchagua maneno. Kwa sababu hiyo, ridhaa ya juu sana katika nchi ambayo watu wanaogopa kusema isomwe kwa uangalifu. Lakini hapa kuna jambo la kuzingatia: ikiwa hofu ilikuwepo, basi anguko la 96 hadi 55 huenda lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana, kwa kuwa hofu husukuma namba juu, si chini.

NAMBA HIYO NA MALI YAKO

Sasa tuje kwenye fedha. Je, ridhaa kwa Rais inatabiri bei? Jibu letu ni hapana, na ushahidi upo karibu.

Juni 2017 utafiti ulisema asilimia 71. Mwezi huo huo Serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi, na marufuku hiyo ikaja kuondolewa baadaye mwaka huo. Waliokuwa na mahindi ghalani katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini wanakumbuka bei ilivyoporomoka. Asilimia 71 haikuwaambia lolote juu ya mpaka kufungwa. Novemba 2018, miezi minne baada ya ile asilimia 55, Rais aliagiza korosho zote zinunuliwe na Serikali kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lisombe mzigo. Wanunuzi binafsi wakakaa pembeni, na Tunduru wale wa kangomba waliokwisha kununua mapema kwa wakulima wakakuta wanahojiwa shamba liko wapi. Mwaka wa ridhaa ya juu kulikuwa na amri, na mwaka wa ridhaa ya chini kulikuwa na amri.

Inachosema namba hiyo ni kuhusu nafasi aliyonayo kiongozi. Anayependwa sana anaweza kuchukua hatua kali bila kuogopa kelele. Aliyepungukiwa na ridhaa, hasa uchaguzi ukikaribia, ana sababu ya kutafuta la kuwapendeza walio wengi, na nchini mwetu walio wengi ni wakulima na walaji. Mkulima anataka bei juu na mlaji anataka bei chini. Katikati yao amesimama mfanyabiashara, naye ndiye hubeba lawama za pande zote. Hiyo ni hali ya kuizingatia katika mipango. Haitoshi kuwa sababu ya kununua au kuuza leo.

Tena ridhaa huoza upesi kama nyanya. Mwanzoni mwa 1991, baada ya vita vya Ghuba, Gallup ilimpima Rais George Bush wa Marekani ikapata asilimia 89. Novemba 1992 akashindwa uchaguzi na Bill Clinton. Uchumi ulikuwa umedorora na vita vilikuwa vimesahauliwa. Kwa hiyo tazama tarehe ya mahojiano, usiishie kwenye tarehe ya kutangazwa.

Kwa mwekezaji mdogo wa hisa na hati fungani, tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze biashara Aprili 1998, somo ni hilo hilo. Masoko hushtushwa na mambo yasiyotarajiwa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa Rais, bei Nairobi zilianguka hadi biashara ikasimamishwa kwa muda. Asilimia za wagombea, ambazo zilikuwa zimetangazwa kwa miezi, hazikuwa na nafasi ya hukumu ya mahakama.

KURA NYINGI SI LAZIMA RIDHAA NYINGI

Inabidi kutenganisha vitu viwili ambavyo huchanganywa. Katika uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 Tume ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa asilimia 97.66. CHADEMA haikuruhusiwa kushiriki, na mgombea wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Siku hiyo ya kura kulitokea maandamano, watu wakapoteza maisha, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Anayetegemea simu kutuma na kupokea fedha, na leo ni karibu kila mfanyabiashara, anajua siku hizo zilivyokuwa.

Asilimia ya kura huhesabu karatasi zilizotumbukizwa kati ya majina yaliyokuwepo. Asilimia ya ridhaa huuliza watu wote, waliopiga na wasiopiga. Ya kwanza ikiwa karibu 98 na barabara zikawaka siku hiyo hiyo, mfanyabiashara anajifunza kwamba matokeo ya sanduku hayawezi kuchukua nafasi ya kipimo cha hali ya watu. Tafiti huru, zinazorudiwa kila baada ya miezi na kutangazwa bila woga, zina thamani hapo: humwonya kiongozi mapema, na humwonya mwenye mali pia.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUAMINI

Kenya ilipitisha mwaka 2012 sheria inayomtaka anayetangaza utafiti wa uchaguzi aeleze nani ameulipia, umefanywa lini, kwa watu wangapi na kwa njia gani. Msomaji wetu hahitaji kusubiri sheria ili aulize hayo. Namba ikitangazwa, uliza:

1. Nani amefanya na nani amelipa?
2. Wamehojiwa watu wangapi, na wamechaguliwaje? Wanaopiga simu redioni hawahesabiki.
3. Zanzibar imo? Vijijini vimo?
4. Wamehojiwa tarehe gani, na nini kimetokea tangu hapo?
5. Swali liliulizwa kwa maneno gani, na "wanaafiki sana" ni wangapi?
6. "Sijui" na waliokataa ni wangapi?
7. Mara iliyopita, kwa njia hiyo hiyo, namba ilikuwa ngapi?

La saba ndilo la thamani zaidi. Namba moja peke yake ni kama bei ya siku moja: huwezi kujua kama ni ya juu au ya chini mpaka uiweke karibu na za wiki zilizotangulia. Aliyeiona 55 peke yake mwaka 2018 angeweza kusema zaidi ya nusu wanaridhika, hakuna tatizo. Aliyeiweka karibu na 71 na 96 aliona jambo jingine kabisa.

Zikijibiwa zote saba, namba hiyo ina nafasi katika daftari lako, pembeni ya bei za ununuzi za NFRA, vibali vya kusafirisha nje, hali ya mvua na thamani ya shilingi. Zikikosa majibu, iache ipite na basi la jioni.